Glavu ya Kushoto

Sindano ya kwanza iliingia vizuri, ya pili ikakataa.

Somoe aliirudisha nyuma kidogo, akaisukuma tena, na Mzee Nandonde akakunja uso. Kwenye mkono wa kulia wa msichana, glavu ya ushahidi iliwasha taa ya njano. Arafa, mwalimu wake, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni isije ikamponyoka ikaenda kusaidia. Aliona ngozi ya mzee inaanza kutuna pembeni ya sindano, akajua kazi imeharibika.

"Toa," alisema. "Bana hapo hapo, usiachie."

Somoe alitoa, akabana. Mzee Nandonde, aliyefundisha hesabu shule za Lindi kwa miaka thelathini na mbili kabla figo zake hazijagoma, alitazama dari na kushusha pumzi.

"Binti, huu mkono ndio mlango wangu wa kuendelea kuishi," alisema polepole. "Ukiufanya daftari la mazoezi, siku moja kurasa zitaisha."

"Nisamehe, babu."

"Nimeshakusamehe. Ila unauma."

Arafa alinawa, akavaa glavu za kawaida, akaweka vidole viwili juu ya mshipa. Ulikuwa mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji, umenenepa, na chini ya ngozi ulikuwa unanguruma kidogo kama simu inayoita mfukoni. Alisikiliza kwa vidole mpaka akapata pale anapopataka, akachoma. Damu ikapanda kwenye mpira, mashine ya kusafisha damu ikaanza kuzunguka, na yule mzee akafumba macho kama mtu aliyekwishafika kwake.

Hapo ndipo Daftari la Mikono likazungumza kutoka kwenye kioo cha ukutani. Lilikuwa na sauti ya adabu kupita kiasi, Kiswahili chake kimenyooka namna ambayo hakuna mtu wa Lindi anayezungumza.

"Mtahiniwa Somoe Hassani Mpwapwa. Mkono wa kulia. Alama sabini na tisa. Kiwango ni themanini na tano. Mkono huu hautapimwa tena mpaka siku thelathini zipite. Mwalimu ana hiari ya kuongeza alama zisizozidi kumi kwa busara yake. Hiari hiyo itafungwa baada ya saa ishirini na nne."

Somoe alivua glavu, akaikunja vizuri, akatoka bila kumtazama mwalimu wake. Arafa alibaki anatazama kioo. Sabini na tisa na kumi ni themanini na tisa. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu wa hesabu.

*

Kanuni ya Pengo ilitungwa kwa nia njema, na hilo ndilo lililokuwa linamuudhi Arafa kuliko yote. Zamani nchi za Kaskazini zilikuwa zinabeba wauguzi, wahandisi na mafundi kama mtu anayechuma mboga kwenye shamba la jirani, na huku nyuma wodi zinabaki na vitanda na wagonjwa tu. Ikaja mikataba. Ikakubaliwa kwamba mwenye ujuzi hatoki mpaka pengo lake lizibwe: mkoa wake lazima ubaki na angalau mkono mmoja unaojua kazi ileile. Ili watu wasidanganyane kwa vyeti, zikatengenezwa glavu. Ndani zina nyuzi nyembamba kuliko nywele, zinapima mkono unavyobonyeza, unavyotetemeka, unavyosita, na zinapeleka habari zote kwenye Daftari, ambalo husomwa huku na husomwa Kaskazini saa hiyohiyo.

Mkoa ukiwa na mkono mmoja, hakuna anayetoka. Ukipata wa pili, inafunguka ruhusa moja, na ruhusa hiyo ni ya yeyote kati ya wawili hao atakayetangulia kuweka kiganja kwenye kioo. Walioitunga waliketi kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, wakaona hiyo ndiyo haki.

Katika mkoa mzima wa Lindi, mkono uliosajiliwa wa kuchoma mishipa ya kusafishia damu ulikuwa mmoja, wa Arafa. Iliwahi kuletwa roboti ya sindano pale hospitalini kwake, Mnazi Juu. Ilidumu miezi saba, chumvi ya hewani ikala viungo vyake, sasa inatundikiwa makoti. Kwa hiyo Arafa alifundisha. Alimfundisha Devota miezi kumi na sita. Siku Devota alipofaulu, Arafa alikuwa anaosha mikono. Aliporudi alikuta kiganja cha Devota kwenye kioo na ruhusa imekwenda. Akamfundisha Musa. Siku ya Musa, mgonjwa alikuwa anavuja damu na Arafa hakuweza kumwachia. Akamfundisha Ramla, na Ramla alau alikuwa na haya: aliomba radhi huku analia, lakini aliomba kiganja kikiwa tayari juu ya kioo.

Watatu hao sasa walikuwa Kaskazini wanamtumia salamu za sikukuu. Na mume wake Hamza, fundi wa mitambo ya upepo, alikuwa kule mwaka wa tano, kwa sababu mafundi wa upepo Lindi walikuwa wamejaa tele na hakuna aliyemzuia. Alikwenda na mtoto wao Nasra, ambaye sikio lake lina kifaa kinachohitaji kurekebishwa kila mwezi mpaka akue, na warekebishaji wako kule tu. Hamza hakuweza kurudi na mtoto. Arafa hakuweza kwenda. Na kanuni ilikuwa na kifungu cha mwisho, kirefu na kikavu: familia ikikaa vipande miaka mitano kamili, haki ya kuungana inafutwa.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

*

"Bonyeza kumi, mama Nasra," alisema Hamza. Alikuwa amepiga wakati wa chakula cha mchana, amevaa koti zito, na nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe kwa theluji. "Wameziweka ili zitumike. Huibi."

"Zimewekwa kwa busara. Busara yangu inasema hajaiva."

"Ataiva. Mwache ajifunze kazini kama ulivyojifunza wewe."

"Mimi nilijifunza na mtu nyuma yangu. Yeye nyuma yake patakuwa na kioo." Arafa alisogeza sahani ya wali ambayo hakuigusa. "Nina wagonjwa kumi na mmoja, baba Nasra. Mshipa wa mtu ukifa, anasafirishwa Dar kutafutiwa mwingine, na wengine hawafiki."

Hamza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupika uji peke yake.

"Basi ongea na mwanao umweleze wewe," alisema, akageuza simu.

Nasra alikuwa na miaka tisa sasa, meno ya mbele yamekamilika, na Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kupinda pembeni. "Mama, sema polepole," alisema, akigusa kifaa chake sikioni. "Leo kinakwaruza. Unakuja lini?"

Arafa alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya aina nne kwa swali hilo, yote ameshayatumia. "Nakaribia, mwanangu," alisema polepole, kila neno kivyake, na alipokata simu alijikuta anajipangusa macho kwa kona ya kitambaa cha meza ya kantini, mbele za watu, wala hakujali.

Akainuka. Aliamua atabonyeza. Alijiambia kwamba Somoe ni msichana mwenye bidii, kwamba sabini na tisa si sifuri, kwamba yeye mwenyewe si Mungu wa watu kumi na mmoja. Aliyasema yote hayo kwenye korido, midomo ikicheza, na mfagizi mmoja akampisha njia.

*

Wodi ilikuwa tulivu. Mashine zilikuwa zinanguruma, Mzee Nandonde amelala. Mkewe alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri na kuacha kwenye kiti ukili wake, ule ukanda wa majani ya ukindu ambao alikuwa anausuka kila akija ili kazi ya kungojea isimuue. Kwenye kiti cha pili, karibu na dirisha, Somoe alikuwa ameuchukua anausuka.

Arafa alisimama mlangoni.

Vidole vilikuwa vinakwenda mbio. Jani juu, jani chini, kunja, vuta, na macho ya msichana hayakuwa hata kwenye kazi. Yalikuwa nje, yamejaa machozi. Hakukuwa na kusita wala kutetemeka. Na mkono uliokuwa unaongoza, unaovuta na kukaza, ulikuwa wa kushoto.

Kiatu cha Arafa kilikwaruza sakafu. Somoe alishtuka, akahamisha ukili, mkono wa kulia ukashika uongozi, na palepale vidole vikawa vizito, vikaanza kutafuta majani moja moja. Arafa aliifahamu namna ile ya kutafuta. Alikuwa ameitazama kwa miezi kumi na minne juu ya mikono ya wagonjwa.

Tena akakumbuka siku ya kwanza kabisa. Somoe alikuwa ameshika sindano kwa kushoto, na yeye, Arafa, kabla hata hajafikiri, akasema, "Mkono gani huo, binti? Mtu mzima hachomwi kwa mkono huo." Alikuwa amesema kwa utani, kama ambavyo shangazi yeyote wa Lindi angesema kwa mtoto anayepokea sahani vibaya. Somoe akacheka, akahamisha. Hakuhamisha tena mpaka leo.

Alivuta kiti akakaa. "Somoe, wewe ni wa kushoto?"

"Hapana, dada Arafa."

"Sikuulizi ili nikuseme."

Msichana aliutazama ukili mapajani. "Nilikuwa," alisema. "Nikiwa mdogo. Bibi alikuwa ananifunga mkono na kipande cha kanga wakati wa kula. Hakuwa mkali, alikuwa ananiimbia huku ananifunga. Alisema nitawapa watu vitu kwa mkono wa kushoto nionekane sina adabu, nisipate mchumba."

"Na ule mkono wa plastiki wa mazoezi unaokwenda nao nyumbani Ijumaa. Unauchoma na upi?"

Somoe alivuta kamasi. "Na huu," alisema, akainua wa kushoto kidogo tu, kama mtu anayeonyesha kitu cha wizi. "Nyumbani hakuna anayeniona. Huu unajua. Halafu nikija hapa najaribu kuufundisha wa kulia. Haushiki."

Arafa alijishika kichwa. Miezi kumi na minne alikuwa anamfundisha mkono wa kulia, na aliyejifunza ni wa kushoto.

"Kalete huo mkono wa plastiki," alisema.

Somoe alichoma mara kumi, mkono wa plastiki ukiwa umelazwa kwenye meza ya dawa, na maji mekundu yakapanda kwenye mpira mara kumi. Ya saba Arafa alimsukuma kiwiko kwa makusudi. Sindano haikutikisika.

"Una uhakika gani na mkono wa mtu?" aliuliza Arafa.

"Sina. Sijawahi kuthubutu."

Basi hapo ndipo penye kisa. Daftari lilikuwa limesema *mkono wa kulia*, kila mara linasema hivyo, na hakuna hata siku moja aliyejiuliza kwa nini linataja. Mkono wa kushoto ulikuwa haujapimwa, kwa hiyo unaruhusiwa. Lakini Mzee Nandonde, mwenye mshipa mgumu kuliko wote, ambao ndio Daftari lilikuwa limeuchagua kuwa kipimo, atarudi keshokutwa. Na zile alama kumi zinafungwa kesho saa tatu asubuhi. Akizitumia leo, ruhusa inafunguka leo, na msichana anasajiliwa kwa mkono usioijua kazi. Akiziacha, anabaki na ushahidi wa mkono wa plastiki na siku saba.

Alikaa mbele ya kioo muda mrefu. Daftari lilimuuliza kwa adabu kama ameamua. Alimfikiria Nasra akigusa sikio. Alimfikiria mzee amelala pale, mdomo wazi, amemwamini.

"Sifuri," alisema.

"Mwalimu anathibitisha sifuri?"

"Nimesema sifuri. Usinirudishe nyuma."

*

Keshokutwa yake Mzee Nandonde alifika saa mbili na nusu, ananukia sabuni, akakaa kitini na kukunja shati mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Arafa.

"Marahaba. Mbona mmesimama wawili kama wanaotaka kukopa?"

Arafa alimweleza, bila kupamba. Alimwambia kosa lilikuwa lake, si la Somoe. Alimwambia akikataa hakuna atakayemlaumu, atamchoma yeye kama kawaida. Mkewe, aliyekuwa anasikiliza huku anasuka, aliacha kusuka.

"Mkono wa kushoto?" alisema mama yule. "Astaghfirullah. Mgonjwa kabisa?"

Mzee Nandonde alifikiri. Alimtazama Somoe, akautazama ukili kwenye mapaja ya mkewe. "Juzi ulirudi ukakuta huo umeongezeka shubiri mbili," alimwambia mkewe. "Ukasema nani huyu amesuka vizuri, ila upande umegeuka. Nilikuwa nimefumba macho tu, sikuwa nimelala." Akanyoosha mkono juu ya mto. "Nichome, binti. Mkono wako nitautia adabu nikishapona."

Glavu huja mbili kwenye boksi moja. Ile ya kushoto ilikuwa bado iko kwenye nailoni yake, imebandikwa kwa gundi ya kiwandani, miaka sita. Arafa aliichana nailoni hiyo kwa meno.

Somoe aliweka vidole viwili juu ya mshipa. Akatulia. Arafa alijua anasikiliza nini, akaanza naye kusikiliza, na moyo wake mwenyewe ulikuwa unapiga kuliko mshipa wa mzee. Sindano ya kwanza iliingia. Damu ikapanda. Msichana hakutazama taa; alihamia chini kidogo, pale pale palipokataa juzi, akavuta ngozi kwa kidole gumba, akaingiza ya pili kwa mwendo mmoja.

"Bado?" aliuliza Mzee Nandonde, macho kayafumba.

"Tayari, babu."

"Ya pili?"

"Zote."

Mzee alifungua jicho moja, akazitazama sindano, akalifumba tena. Mkewe alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akarudi kwenye ukili wake.

"Mtahiniwa Somoe Hassani Mpwapwa," lilisema Daftari. "Mkono wa kushoto. Alama tisini na tatu. Mwalimu ana hiari ya kuongeza..."

"Hazihitajiki."

"Mkono umesajiliwa. Mkoa wa Lindi una mikono miwili. Ruhusa moja imefunguliwa."

Kioo kilibadilika rangi kuwa kijani. Alama ya kiganja ikatokea katikati, na Somoe ndiye aliyekuwa karibu nayo. Arafa alikuwa upande wa pili wa kitanda, kati yao mashine, mipira yenye damu na mguu wa kiti cha mzee. Aliipima ile nafasi kwa macho, hatua nne. Hakumfikiria Somoe vibaya. Alifikiria tu kwamba msichana ana miaka ishirini na nne na ulimwengu mzima uko nyuma ya kioo kile, na kwamba Ramla alikuwa mtu mwema vilevile.

Somoe alikitazama kioo. Alikitazama kweli, haikuwa kwamba hakukiona. Kisha akavua glavu, akazunguka kiti cha mzee taratibu asikanyage mpira, akasimama mbele ya mwalimu wake na kumnyooshea ile glavu. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, na mazoea yakamshika palepale.

"Samahani kwa mkono wa kushoto, dada Arafa," alisema. "Nenda. Kabla hakijazima."

"Na wewe?"

"Nitafundisha wangu. Nikimpata, nitamwuliza kwanza anakula na mkono gani."

Arafa alicheka, kicheko kikapinda njiani kikawa kilio. Akanyoosha mkono wake mwenyewe wa kushoto, akaipokea glavu. Hatua zile nne alizitembea hajui vipi. Kioo kilikuwa baridi. Aliposikia Daftari linataja jina lake lote, Arafa Selemani Chikawe, na neno *imetolewa*, alibaki amekiegemea kwa kiganja mpaka kikazima chenyewe.

Baadaye alikwenda kunawa. Alifungua bomba, akapaka sabuni, akasugua vidole kimoja kimoja na katikati ya vidole, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha. Nyuma yake Mzee Nandonde alikuwa anamwuliza Somoe kama anajua kuandika ubaoni kwa mkono huo, na Somoe anamjibu kwamba hajajaribu. Arafa aliacha maji yatiririke. Safari hii hakugeuka kutazama kioo hata mara moja.